Injini Isiyoumwa

Sufu ilipokwisha kuuzwa mwaka ule, Aladino Cayún alimwambia mkewe kwamba anataka kuifungua injini ya pikapu. Ercilia alikuwa anakanda unga, viganja vimejaa mafuta ya kondoo. Akauliza injini ina nini.

"Haina kitu," Aladino akasema. "Ndiyo maana nataka kuifungua sasa."

Pikapu yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya kijivu, na ilikuwa kwao tangu mwana wao wa pekee, Edelmiro, alipokuwa anasoma shule ya bweni. Sasa Edelmiro alikuwa mtu mzima, anafanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Comodoro, na pikapu bado ilikuwa inawaka asubuhi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imebeba marobota ya sufu, mbuzi, mitungi ya gesi, na mara mbili maiti za majirani. Haikuwahi kuwalaza njiani. Kwenye uwanda ule, mtu anaweza kuendesha asubuhi nzima asione ila guanako, wale wanyama wa mwitu wa jamii ya ngamia, na waya wa uzio, na gari la namna hiyo hutajwa kwa jina la mwenyewe. Watu walikuwa wakisema "ile ya Cayún" na kila mtu akajua.

Ercilia alikuwa na lake. Kinu cha upepo kinachovuta maji kisimani kilikuwa kimepinda mapanga, na kikizunguka kilipiga kelele mpaka mbwa wakahamia upande wa pili wa nyumba.

"Kinu kinaumwa, tena kinalia kabisa kwamba kinaumwa," akasema. "Gari halijasema neno. Wewe, mzima unampeleka hospitali, mgonjwa unamwacha uani."

"Kinu kikifa tutachota kwa ndoo. Injini ikifa mwezi wa saba kwenye barafu ya mlima wa Los Loros, utaiburuta?"

"Imekufa lini hiyo?"

"Haijafa. Nimekwambia."

Mazungumzo yakaishia hapo, maana Aladino alitoka nje. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyatoa kama anayetoa misumari ubaoni. Ercilia akarudi kwenye unga wake. Alikuwa ameishi na mtu huyu zaidi ya miaka thelathini na alijua kwamba akishaanza kupanga, hapangui.

Gereji ilikuwa katika mji mdogo wa Telsen, na fundi wake aliitwa Mostyn Pugh, mtu mnene wa ndevu nyekundu zilizoanza kufifia, mwenye mdomo usiopumzika. Walimkuta amelala chini ya trekta. Akatoka kwa kujisukuma kwa visigino, akasikiliza anachotaka Aladino, kisha akafuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono.

"Don Aladino, mimi nimezoea watu wanaokuja wamevutwa kwa kamba," akasema. "Wewe umekuja unaendesha. Nikutoze nini, faini?"

"Tuanze na maji," Aladino akajibu.

Akaeleza, na ilionekana amelifikiria jambo hili siku nyingi. Rejeta itolewe, iwekwe mpya. Wota pampu mpya, thamostati mpya, mipira yote ya maji, hata ile inayoonekana nzuri. Kisha silinda hedi. Injini za aina ile ni ngumu, zinakwenda mpaka mwenyewe anazichoka, ila zina ugonjwa mmoja: zikichemsha sana, hata mara moja, hedi hupasuka, na hapo biashara imekwisha. Basi hedi ifunguliwe ikiwa bado salama, ipimwe kama imenyooka, iwekwe gasketi mpya na bolti ngumu zaidi ya zile za kiwandani. Nozeli zipelekwe kupimwa. Taiming belti ibadilishwe. Na upande wa mafuta iongezwe filta ya pili yenye kikombe cha kunasa maji, kwa sababu dizeli inayokaa kwenye mapipa shambani haikosi maji.

"Na king'ora," akamalizia. "Kilie maji yakipungua, kilie joto likipanda."

Pugh akacheka. "King'ora cha nini? Wewe si ndiye unayesikia vali ikigonga hata ukiwa kanisani?"

"Weka. Tena kikali."

"Haya. Na turbo je? Ile kubwa, uliyokuwa unaitolea macho tangu nywele zako zikiwa nyeusi? Sasa hedi iko wazi, bolti mpya, injini itaibeba vizuri. Utapanda Los Loros na gia ya nne, wote nyuma wanakula vumbi lako."

"Turbo hapana."

Pugh akamgeukia Ercilia. "Doña Ercilia, umemlisha nini huyu?"

"Simlishi kitu. Hata chumvi nimempunguzia."

Lakini naye alishangaa. Turbo ile ilikuwa imezungumzwa nyumbani kwao miaka na miaka, kama watu wengine wanavyozungumzia safari ya Buenos Aires. Kukataliwa kwake kwa maneno mawili kulimkaa kifuani.

Walirudi baada ya siku chache kuiona injini ikiwa imefunguliwa. Hedi ilikuwa juu ya meza, imeoshwa. Pugh aliimulika kwa taa akitafuta nyufa. Aladino hakusogea kwenye taa. Alipitisha ncha za vidole juu ya chuma, polepole, tundu hadi tundu. Pugh alipoonyesha bolti mpya na kusema "hizi hapa," Aladino aliinua uso akaelekea pembeni kidogo ya mahali zilipokuwa, kisha akanyoosha mkono akapapasa meza mpaka akazipata. Pugh alikuwa anaongea, hakuona. Ercilia aliona.

Siku hiyo walirudishwa nyumbani na jirani yao, Rosendo Quilaqueo, mwenye lori la kubebea mifugo. Rosendo alikuwa mtu mwema mwenye udadisi wa mbuzi.

"Mkiuza, mniambie mimi kwanza," akasema katikati ya njia.

"Nani anauza?" Ercilia akauliza.

"Aa, mama, mimi si mtoto. Gari zima halitengenezwi hivyo bure. Mtu akimwogesha farasi na kumsuka mkia, ujue kesho mnada."

Aladino alitazama mbele na hakusema hapana. Jambo hilo Ercilia alilibeba mpaka nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Akaunganisha moja na moja. Gari linauzwa, kisha kondoo, kisha wao wenyewe wanahamia Comodoro kwenye chumba cha nyuma kwa Edelmiro, kutazama televisheni na kusubiri kufa. Yeye hakuwa tayari kwa hilo, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kuichukua pikapu kulikuwa na jua na upepo wa kawaida, ule wa kumfanya mtu ashike kofia. Injini ilikuwa tulivu kiasi kwamba Ercilia alisikia mawe madogo yakigonga chini. Aladino aliendesha taratibu, katikati ya barabara, mikono miwili kwenye usukani.

"Guanako, kulia," Ercilia akasema.

Aladino akakanyaga breki. Mnyama akavuka mbele yao bila haraka.

"Nilikuwa nimemwona."

"Ulimwona nilipomtaja."

Wakaenda tena. "Shimo," akasema Ercilia. Baadaye, "Lango." Alikuwa amefanya hivyo kwa muda mrefu, na wote wawili walikuwa wamejizoeza kudhani ni porojo tu za njiani. Walipopita lango, akauliza, "Unamuuzia nani?"

"Namuuzia nani nini?"

"Gari. Usinizungushe, mzee. Kama tunahama, nataka kusikia kwako, si kwa Rosendo."

Aladino akasimamisha gari palepale barabarani. Hakuzima injini. Alikaa akiisikiliza, au akijifanya anaisikiliza.

"Sioni, bibi we," akasema. "Pembeni pameliwa pote. Katikati ndiyo pamebaki, tena pana ukungu."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu mwaka juzi, siku ulipoisalimia nguzo ya lango ukaiuliza watoto hawajambo."

Aladino aliinamia usukani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Ercilia akafikiri analia, lakini alikuwa anacheka. Yeye hakucheka.

"Mbona hukuniambia?" Aladino akauliza.

"Wewe mbona hukuniambia?"

Aladino akapangusa macho, yale yale yasiyomfaa.

"Gari siuzi," akasema. "Nalitengeneza uliendeshe wewe. Mimi nikiendesha, kitu kikibadilika humo ndani nakisikia mapema. Wewe hujazoea. Dereva asiyezoea anahitaji injini isiyo na la kusema. Na ikiwa nalo, ipige kelele, nawe usimame. Turbo kubwa ingekuwa ni kuongeza kitu kingine cha kuharibika."

Alitarajia, labda, kwamba mkewe angemshika mkono. Lakini Ercilia alikuwa amekasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Aladino alijaribu kumfundisha kuendesha, gari jingine, la petroli. Ercilia aligonga birika la kunyweshea kondoo, na Aladino akamfokea mbele ya wakata sufu wote. Ercilia akashuka, akatembea mpaka nyumbani, na tangu hapo hakuwahi kugusa usukani. Watu walidhani anaogopa. Hakuwa anaogopa.

"Uliniuliza?" akasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo kazi ya kuuliza. Mtu apate nafasi ya kukataa."

Njia iliyobaki alitaja mashimo na malango tu.

Kesho yake asubuhi, Aladino alipokuwa jikoni na kibuyu chake cha chai chungu ya kwao iitwayo mate, inayofyonzwa kwa bomba, alisikia mlango wa pikapu ukifunguliwa na kufungwa. Kimya kirefu. Kisha ukafunguliwa tena, na Ercilia akaingia ndani.

"Umepanga injini yote," akasema, "bolti kwa bolti. Dereva hukumpima. Miguu yangu haifiki kwenye klachi."

Aladino alibaki na bomba la chai mdomoni. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameliwaza gari lile kwa miezi, gizani na mchana, na hata mara moja hakuwa amemwona mtu wa kimo cha mkewe ameketi ndani yake.

"Na sharti langu ni moja," Ercilia akaendelea. "Wewe hunifundishi. Wala hukai ndani nikijifunza."

Wakarudi Telsen, Ercilia akitaja mashimo. Pugh aliambiwa habari yote. Ilimbidi apime kwa utepe kutoka nyonga ya doña Ercilia hadi unyayo, huku mume amesimama pale, na uso wa fundi ukawa mwekundu kama ndevu zake. Akakiinua kiti na kukisogeza mbele, akaichomelea pedali ya klachi kipande cha chuma, akabadilisha pampu ya klachi iwe laini. Ercilia akadai pia kioo cha pembeni kikubwa zaidi, na kishikio cha kupandia. Aladino alisikiliza orodha ikirefuka, akatikisa kichwa kukubali kila kimoja. Somo la kwanza alilitoa Pugh mwenyewe, kwenye barabara ya nyuma ya gereji, na aliporudi alikuwa amelowa jasho.

"Atajua," akamwambia Aladino. "Wewe kaa mbali tu."

Chini ya nyumba yao kulikuwa na ziwa lililokauka, udongo mweupe mgumu usio na jiwe wala mti. Huko ndiko Ercilia alikojifunzia, kila siku baada ya kulisha kuku. Aladino aliketi kwenye ukingo wa birika, uso kuelekea ziwani, akisikiliza. Injini ilipozidishwa mzunguko alikunja ngumi. Gia iliposagwa, aliinuka akapiga kelele: "Klachi mpaka chini! Mpaka chini, mama wee!" Upepo uliichukua sauti yake ukaipeleka Atlantiki. Ercilia alimwona kwa mbali akirusha mikono, akampungia.

Mwezi wa tano alipata leseni. Mpimaji alimtaka aegeshe kati ya mapipa mawili, naye akaegesha.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi yake. Aladino alikuwa na miadi kwa daktari wa macho huko Trelew, na asubuhi ile waliondoka theluji nyembamba ikiwa imelala kwenye vichaka. Ercilia aliendesha akiwa amevaa glavu za sufu zilizokatwa vidole. Aladino alikaa upande wa abiria, ambako hakuwahi kukaa, na hakujua pa kuweka magoti.

Walipokuwa nusu ya mlima wa Los Loros, king'ora kikalia. Kilikuwa kikali kama kilivyoagizwa, mlio wa kuingia kwenye meno.

"Hiyo ni waya mbovu tu," Aladino akasema haraka. "Injini haijabadilika, naisikia. Ukisimama hapa hutaweza kuondoka, pana mwinuko na barafu. Fika juu kwanza."

Ercilia akawasha taa ya pembeni, akasogea kando, akasimama, akavuta breki ya mkono na kuzima injini.

"Nimekwambia ni waya!"

"Nimesikia."

"Miaka yote hii mimi ndiye..."

"Aladino," akasema. "Hicho kitu ulikiweka wewe. Ulisema kikilia, nisimame. Sasa unataka nimsikilize nani, wewe wa kiangazi au wewe wa leo?"

Akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua boneti. Mvuke mdogo ulikuwa unapanda kutoka upande wa chini wa rejeta. Mpira wa maji, mpya kabisa, ulikuwa unatiririsha maji kwenye kibano, na kibano chenyewe kilikuwa kimelegea kiasi kwamba alikizungusha kwa vidole. Pugh hakukikaza tena baada ya injini kupata moto mara za kwanza, na katika kushughulikia kiti na pedali hakuna aliyekumbuka. Ercilia alileta bisibisi, akakikaza. Kisha wakasubiri injini ipoe ndipo waongeze maji. Aladino alishuka, akapapasa ule mpira kwa mkono mzima, akasimama akiwa ameushika.

"Ningefika juu," akasema mwishowe, "na hedi ingekuwa imepasuka."

Ercilia akampa mkate. Wakala wamegeuzia upepo migongo.

Lori la Rosendo likatokea kwa chini, likapunguza mwendo, likasimama. Rosendo akatoa kichwa. "Don Aladino! Limekufa? Nilisema mimi, gari zima halifunguliwi! Lina nini?"

"Muulize dereva," Aladino akasema.

Rosendo akamtazama Ercilia, akatazama bisibisi mkononi mwake, akatazama tena Aladino. Ercilia akamwambia kama ana maji, ashushe dumu moja, na kama hana, aondoe lori, wamezibiwa njia. Rosendo alikuwa na maji, na Ercilia akaiondoa pikapu polepole mpaka juu.

Daktari wa Trelew alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alisema ni presha ya macho, ya siku nyingi, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Aladino akauliza kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari akasema ingekuwa vingine. Aladino akaitika, akavaa kofia. Nje, kwenye kituo cha mafuta, alibaki ndani ya gari, na Ercilia akashuka. Alikagua oili, akakagua kibano, akajaza tangi. Alipopanda, Aladino alikuwa ameishika ile chupa ndogo ya matone, anasoma maandishi yake kwa kidole gumba kana kwamba yamechongwa.

"Nimeitengeneza injini kabla haijaumwa," akasema, "na macho nimeyasubiri."

"Ndivyo," Ercilia akasema, akawasha gari.

Majira ya baridi yakapita. Ercilia alimpeleka Aladino kwa daktari tena, akapeleka mbuzi sokoni, akamleta mke wa Rosendo kutoka kujifungua. Kinu cha upepo kikatengenezwa. Aladino alijifunza kuhesabu matone kwa kuyasikia baridi kwenye jicho.

Kisha, mwezi wa kumi, kabla wakata sufu hawajafika, Ercilia alisema anakwenda Esquel kumwona dada yake, Nolfa. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mama yao. Ni safari ya siku mbili kuvuka uwanda mpaka chini ya milima.

"Tutaondoka lini?" Aladino akauliza.

"Nitaondoka Jumatatu. Wewe utabaki na kondoo. Nyama iko kwenye chumvi, ioshe kabla ya kupika, unga unajua ulipo."

Aladino aliweka kikombe chini. "Nililitengeneza gari unipeleke. Sikulitengeneza uniache."

"Ungesema mapema. Tungemwambia Pugh atufunge pamoja kwa kamba."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Nitarudi Jumapili ya pili. Miaka yote uliyokwenda kuuza sufu, nani alibaki?"

Aladino alibishana siku mbili, kwa njia yake ya maneno machache, kisha akaacha. Jumatatu asubuhi alitoka nje na kitambaa, akapapasa injini yote sehemu kwa sehemu: vibano, mikanda, kikombe cha filta. Alifungua kikombe akamwaga maji kidogo yaliyonaswa, akakifunga. Akamwambia mkewe kwamba baada ya Gastre kuna mawe makali, aendeshe taratibu, na Ercilia akasema sawa.

Gari likaondoka. Aladino alisimama langoni akiisikiliza injini ikipanda kilima, ikabadilisha gia pale inapofaa, ikashuka upande wa pili, mpaka akabaki na upepo tu. Kisha akaingia ndani kupika. Mchuzi wa siku ile ulikuwa na chumvi isiyolika, akaula wote.